Tathmini ya BACnet: Kiwango Huria Kinachomfaa Mnunuzi Aliyesoma Hati

Kila anayejenga au kuendesha jengo kubwa hufika siku ya kuamua mitambo yake itawasiliana kwa itifaki gani. Mtambo wa kupoza maji hutoka kiwanda kimoja, pampu na viendeshi vyake kiwanda kingine, taa zina mkandarasi wake, mita za umeme zina wake, na mfumo wa kutambua moto huja na masharti ambayo hayajadiliwi. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kununua kila kitu kwa kampuni moja, na kampuni hiyo ikishaingia ndani ya kuta ndiyo iliyopanga bei ya vipuri, ya matengenezo na ya kila nyongeza hadi jengo libomolewe. BACnet, itifaki huria ya mawasiliano kati ya mitambo ya majengo, ilibuniwa ili kuvunja utegemezi huo. Nimeitathmini hapa kama ambavyo mtu angetathmini bidhaa: inachotoa, inachokosa, na mnunuzi wa aina gani anapata thamani ya fedha yake. Kwa maoni yangu hakuna kiwango kingine kinachoifikia kwa majengo makubwa, lakini sehemu kubwa ya uwazi wake haimo ndani ya vifaa. Imo katika mkataba, na asiyeuandika mkataba vizuri hununua vifaa vinavyofuata kiwango huria na kubaki mateka vilevile.

Kamati iliyoiunda ilianza kazi mwaka 1987 chini ya ASHRAE, jumuiya ya Marekani ya wahandisi wa joto, majokofu na viyoyozi, ikiongozwa na H. Michael Newman wa Chuo Kikuu cha Cornell. Mwenyekiti kutoka chuo kikuu, badala ya kiwandani, ni jambo dogo linaloeleza mengi kuhusu tabia ya kiwango hiki, kwa sababu kurasa zake nyingi zinasomeka kama zilizoandikwa na watu waliowahi kuamshwa usiku na kengele ya mtambo. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1995 likiwa na aina 18 za vipengee (sehemu ambazo kifaa hujieleza kwazo mtandaoni) na huduma 35 (aina za ujumbe ambazo vifaa hutumiana), na mwaka 2003 likakubaliwa kimataifa kama ISO 16484-5. Leo aina za vipengee zimepita 60. Mtengenezaji yeyote anaweza kununua hati, kuisoma na kutengeneza kifaa bila kumlipa mtu ada ya matumizi, na marekebisho hupitia mapitio ya umma kabla ya kupitishwa. Kwa maana hiyo ya msingi, neno huria halijatumiwa kwa mapambo.

Namna BACnet inavyoliona jengo ni rahisi kueleza. Kila kifaa kinajionyesha mtandaoni kama mkusanyiko wa vipengee, na kila kipengee kina sifa zake. Kihisi cha joto la hewa, kwa mfano, ni kipengee cha aina ya ingizo la analogi, chenye jina, thamani ya sasa, kizio cha kipimo, na bendera nne za hali zinazosema iwapo kuna kengele, hitilafu, uingiliaji wa mkono, au iwapo kihisi kimeondolewa kazini kwa makusudi. Anayesoma thamani hahitaji kujua jinsi mtengenezaji alivyoihifadhi ndani ya kumbukumbu ya kifaa. Bendera hizo nne peke yake zinatosha kuitofautisha BACnet na itifaki za zamani za viwandani, ambamo namba 215 inaweza kuwa nyuzi joto 21.5, au 215, au mabaki ya kihisi kilichokatika waya tangu juzi. Bahati mbaya si kila programu ya usimamizi huonyesha bendera hizo kwenye skrini, na fundi anaweza kuitazama namba nzuri kwa saa nzima bila kuambiwa kwamba kifaa chenyewe kimeshakiri kuwa namba hiyo haiaminiki. Kosa hilo ni la programu, si la kiwango, ila kwa mwenye jengo madhara ni yaleyale.

Vifaa hutafutana kwa tangazo. Kituo cha usimamizi huuliza kwa huduma iitwayo Who-Is, na kila kifaa kinachosikia hujibu kwa I-Am pamoja na namba yake ya utambulisho, ambayo inaweza kuwa yoyote kuanzia 0 hadi 4,194,302 na ambayo haipaswi kurudiwa popote katika mtandao mzima wa jengo. Huduma hii inapofanya kazi hupendeza: mhandisi huunganisha kompyuta yake, na dakika chache baadaye ana orodha ya kila kidhibiti, cha kiwanda chochote, na ndani ya kila kimoja orodha ya vipengee vyake. Inapoharibika, mara nyingi ni kwa sababu makandarasi wawili wamevipa vifaa vyao namba ileile, kila mmoja akiwa ameanza kuhesabu kutoka 1 au amebakiza namba ya kiwandani. Dalili yake ni za ajabu: thamani zinabadilika zenyewe, kidhibiti cha orofa ya tatu kinajibu maswali ya kidhibiti cha orofa ya tisa, na kila mkandarasi anathibitisha kwa haki kabisa kwamba vifaa vyake vikiwa peke yake havina tatizo. Mpango wa namba unapaswa kuandikwa na mwenye jengo kabla ya mkandarasi wa kwanza kufungua sanduku, na hakuna atakayemkumbusha kufanya hivyo.

Sehemu ya BACnet ninayoiheshimu kuliko zote ni ngazi za vipaumbele. Katika jengo la kawaida feni moja inaweza kuamriwa na watu na programu nyingi kwa wakati mmoja: ratiba inasema iwake saa moja asubuhi, programu ya kuokoa nishati inasema isubiri, fundi ameizima kwa ajili ya matengenezo, na mfumo wa moto unaitaka izime mara moja kwa sababu kuna moshi. Itifaki nyingi humaliza mgogoro huo kwa kanuni mbaya kuliko zote, yaani amri ya mwisho kufika ndiyo inayotekelezwa. BACnet inaweka ngazi 16 kwa kila tokeo linaloamriwa, yaani kila kitu ambacho kidhibiti hukiwasha, hukizima au hukirekebisha; ya 1 ndiyo ya juu kabisa na ya 16 ndiyo ya chini. Ngazi ya 1 ni ya usalama wa maisha kwa amri ya mtu, ya 2 ni ya usalama wa maisha kwa amri ya kiotomatiki, ya 5 ni ya ulinzi wa mitambo muhimu, ya 6 huzuia mtambo kuwashwa na kuzimwa kwa haraka inayouharibu, na ya 8 ni ya mwendeshaji anayeingilia kwa mkono. Zilizobaki ziko huru kwa mpangilio wa mradi. Kifaa hutii amri iliyo katika ngazi ya juu kuliko zote zilizojazwa, na amri hiyo inapoondolewa hushuka yenyewe hadi iliyofuata. Ngazi zote zikiwa tupu, hurudi kwenye thamani ya msingi iliyowekwa tangu mwanzo. Hivyo moshi ukiisha na mfumo wa moto ukiachia ngazi yake, feni inarudi kwenye ratiba bila mtu kukumbuka ilikuwa katika hali gani.

Uzuri huo una nidhamu yake, na hapa ndipo majengo mengi hupotezea nishati. Kuondoa amri katika ngazi si sawa na kuandika sifuri. Ni kuandika utupu, na programu au fundi asiyejua tofauti hiyo huacha ngazi ya 8 imejazwa neno “zima” au “washa” kwa miezi, huku ratiba iliyotungwa kwa uangalifu ikiendelea kuandika chini yake bila kusikilizwa na yeyote. Swali la kwanza ninaloliuliza nikiingia katika chumba cha usimamizi cha jengo nisilolifahamu ni ripoti ya vipengee vyote vyenye ngazi ya 8 iliyojazwa. Ripoti hiyo ni ya dakika chache kwa programu yoyote yenye heshima, na aghalabu inaeleza bili ya umeme vizuri kuliko hesabu za mshauri. Kasoro ya pili ni kwamba kiwango hakiwalazimishi wakandarasi kukubaliana nani atatumia ngazi ipi miongoni mwa zile zilizo huru. Wawili wakiandika wote katika ngazi ya 16, tunarudi kulekule kwa amri ya mwisho kufika. Jedwali la ngazi ni ukurasa mmoja, nao lazima uwe sehemu ya zabuni.

Kuhusu njia ambamo ujumbe hupita, BACnet ilizaliwa wakati hakuna aliyejua mtandao upi ungeshinda, kwa hiyo ilikubali kadhaa kwa pamoja, na baadhi zimebaki kwenye vitabu tu. Zilizopo leo katika majengo ni mbili hasa. Ya kwanza ni BACnet/IP, iliyoongezwa mwaka 1999, ambayo hutumia mtandao wa kawaida wa kompyuta kupitia mlango wa UDP (njia ya kutuma ujumbe mtandaoni) 47808, namba ambayo kwa hesabu ya msingi wa 16 inaandikwa BAC0, utani mdogo wa wanakamati. Udhaifu wake ni yale matangazo ya kutafutana, kwa kuwa ruta za mtandao wa kompyuta haziruhusu matangazo kuvuka kutoka mtandao mdogo mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana kila mtandao mdogo huhitaji kifaa kiitwacho BBMD cha kupokea matangazo na kuyapeleka upande wa pili. Kifaa hicho kikipangwa vibaya, nusu ya jengo haionekani. Vikiwekwa viwili palipotakiwa kimoja, matangazo huzunguka na kurudiana hadi mtandao uzidiwe. Wahandisi wa kompyuta wa taasisi, ambao kwa kawaida ndio wenye mtandao huo, huwa hawajawahi kulisikia jina BBMD, na wahandisi wa viyoyozi huwa hawajawahi kuulizwa kuhusu mitandao midogo. Kikao kimoja kati ya pande hizo mbili, kabla ya usanifu kukamilika, kina faida kuliko kifaa chochote cha bei.

Njia ya pili ni MS/TP, inayopita kwenye jozi ya waya uliosokotwa kwa kiwango cha mawimbi ya umeme kiitwacho EIA-485, na ndiyo inayofikia vidhibiti vidogo vya vyumbani kwa sababu ni nafuu mno. Vidhibiti hupokezana zamu ya kusema kwa mzunguko. Kasi huchaguliwa kati ya chache zilizowekwa, kuanzia biti 9,600 kwa sekunde, na katika majengo mengi mapya ni 38,400 au 76,800. Urefu wa waya hauzidi mita 1,200. Kwenye karatasi hakuna la kulalamikia. Kwenye dari, fundi mmoja hugeuza waya chanya na hasi, mwingine huweka kizuizi cha mwisho wa waya katikati ya mstari, mwingine hugawanya mstari matawi kama wa taa, na kifaa kimoja chenye kasi tofauti na wenzake kinatosha kuharibu maongezi ya vyote. Kuna pia sifa inayosema namba ya juu kabisa ya anwani ambayo kidhibiti kitaitafuta kinapopokeza zamu. Ikiachwa 127 wakati mstari una vifaa 20, muda unapotea kuita anwani zisizokuwapo. Sishauri kuikataa MS/TP, kwa kuwa gharama ya kupeleka kebo ya mtandao hadi kila kisanduku cha hewa bado ni kubwa katika majengo mengi. Ninachoshauri ni kuidhibiti: idadi ndogo ya vifaa kwa mstari, mchoro halisi wa njia ya waya, na kipimo cha mawimbi ya umeme kinachofanywa na kuhifadhiwa kabla dari halijafungwa.

Nije sasa kwenye hati, ambazo ndizo bidhaa halisi anayonunua mwenye jengo. Kila mtengenezaji wa kifaa cha BACnet hutakiwa kutoa hati iitwayo PICS, inayoorodhesha vipengee, sifa na huduma ambazo kifaa chake kinaunga mkono. Uwezo umegawanywa katika vifungu vidogo viitwavyo BIBB, na vifungu hivyo vimekusanywa katika madaraja ya vifaa: B-OWS kwa kituo cha mwendeshaji, B-BC kwa kidhibiti kikuu cha jengo, B-AAC na B-ASC kwa vidhibiti vidogo zaidi. Maabara za BTL (BACnet Testing Laboratories, mpango wa kupima vifaa vya BACnet) hupima vifaa, na vinavyofaulu hupewa nembo na kuingizwa kwenye orodha iliyo wazi kwa umma. Mpangilio huu ni wa kupigiwa mfano, na ni wanunuzi wachache mno wanaoutumia. Hati ya zabuni inayosema “mfumo uwe wa BACnet” haisemi chochote, kwa kuwa kifaa kinaweza kuwa cha BACnet kihalali huku kikiwa na uwezo wa kusomwa thamani moja kwa wakati na hakuna zaidi.

Mfano mmoja unatosha. Kuna huduma ambayo kituo hujiandikisha kwa kidhibiti kikitaka kuarifiwa pale tu thamani inapobadilika, badala ya kuuliza kila baada ya sekunde chache. Huduma hiyo hupunguza mno msongamano, hasa kwenye MS/TP, lakini si vifaa vyote vinavyoitoa, na vingine huruhusu waandikishwa wachache tu kwa mara moja. Kuna vidhibiti vinavyohifadhi ratiba ndani yake lakini haviruhusu ratiba hiyo kurekebishwa kutoka kituo cha kampuni nyingine. Kiwango pia kinaruhusu mtengenezaji kuongeza vipengee na sifa zake binafsi, na ingawa ruhusa hiyo ilitolewa kwa nia njema ili ubunifu usizuiwe, ndimo baadhi ya watengenezaji hufichamo mambo ambayo mnunuzi alidhani ameyanunua. Yote haya yanaonekana kwenye PICS. Anayeisoma kabla ya kusaini ana nguvu ya kukataa, ilhali anayeisoma baada ya malipo ya mwisho ana maelezo tu ya kwa nini jengo lake halifanyi alichotaka.

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo PICS haiwezi kulitaja, kwa sababu liko nje ya kiwango kabisa. BACnet inasanifisha mazungumzo kati ya vifaa; haisanifishi programu iliyo ndani ya kila kifaa wala zana ya kuiandika. Mantiki ya kuendesha mtambo wa hewa, yaani lini valvu ifunguke, feni ipunguze mwendo kiasi gani na kilango cha hewa cha nje kiwe wapi, imeandikwa kwa zana ya mtengenezaji, na zana hiyo mara nyingi huuzwa kwa leseni kwa mawakala walioidhinishwa tu. Katika jengo moja ninalolifahamu, mfumo mzima ulikuwa na nembo za BTL kuanzia kituo hadi vyumbani, thamani zote zilisomeka kutoka popote, lakini kubadilisha mstari mmoja wa mantiki kulihitaji kumwita mkandarasi yuleyule aliyejenga, kwa bei aliyoipanga mwenyewe, kwa sababu nenosiri la vidhibiti na faili za programu zilikuwa kwenye kompyuta yake. Hakuna sheria ya BACnet iliyovunjwa hapo. Mwenye jengo hakuwa ameomba zana, leseni, faili wala nenosiri. Nimekutana na watu wanaoilaumu BACnet kwa hali kama hiyo, nami naona lawama imekosea anwani, ingawa ni kweli pia kwamba matangazo ya biashara ya sekta hii huchangia sana kuwafanya wanunuzi waamini kwamba nembo inamaliza kila kitu.

Maana ya data ni eneo lingine ambamo kiwango kinaishia njiani. BACnet inahakikisha kwamba namba 12.8 ni nyuzi joto na inatoka kwenye ingizo la analogi namba 4, lakini kama ni joto la hewa inayotoka kwenye mtambo au inayorudi inategemea jina ambalo mkandarasi alilichagua, na kila mkandarasi ana mtindo wake wa kufupisha. Jengo likiwa na maelfu ya vipengee, programu ya uchambuzi wa nishati haiwezi kuanza kazi kabla ya mtu kukaa na kuyatafsiri majina hayo moja baada ya jingine. Juhudi za kutibu hali hii zipo: Project Haystack, iliyoanza mwaka 2011, hutumia lebo za kawaida, na Brick, iliyotokea mwaka 2016 katika vyuo vikuu, huchora uhusiano kati ya mitambo, vyumba na vihisi. ASHRAE nayo inashughulikia kiwango cha maana chenye namba 223. Kwa sasa dawa ya haraka ni mtindo wa majina ulioandikwa na mwenye jengo na kukaguliwa kabla ya makabidhiano, kwa kuwa kubadilisha majina baada ya skrini, ratiba na ripoti kuyategemea ni kazi ambayo hakuna anayeifanya kwa hiari.

Usalama ulikuwa aibu ya BACnet kwa muda mrefu. BACnet/IP ya kawaida haina ulinzi wowote wa maana: kifaa chochote kilicho kwenye mtandao huo kinaweza kusoma, na mara nyingi kuandika, bila kuulizwa ni nani, na hiyo ngazi ya 1 ya usalama wa maisha hupokea amri kutoka kwa yeyote anayejua kuiandika. Hilo halikuonekana kosa wakati vidhibiti vilikuwa kwenye waya wao peke yao. Leo mtandao wa jengo umeungana na mtandao wa ofisi, na baadhi ya watu wamethubutu hata kufungua mlango 47808 kuelekea intaneti ili mkandarasi aingie akiwa mbali, jambo ambalo halina utetezi. BACnet/SC, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuingizwa katika toleo la 2020, inabadilisha hali hiyo kwa msingi. Mawasiliano hupita kwenye WebSocket, aina ya muunganisho inayotumiwa na tovuti, yakiwa yamesimbwa kwa TLS 1.3, kila kifaa huwa na cheti chake cha kidijitali cha kujitambulisha, vifaa huunganishwa na kitovu chenye mbadala wake, na matangazo ya UDP pamoja na BBMD hayahitajiki tena. Wahandisi wa kompyuta hatimaye wanaiona itifaki wanayoweza kuielewa na kuiruhusu kwenye mtandao wao.

Hata hivyo BACnet/SC inaleta kazi ambayo waendesha majengo hawajaizoea. Vyeti huisha muda. Jengo lenye vidhibiti mia kadhaa linahitaji mtu au programu inayojua cheti kipi kinaisha lini, nani ana mamlaka ya kutoa kipya, na kitapelekwaje hadi kwenye kifaa kilicho juu ya dari. Vyeti vikiisha vyote siku moja, jengo zima hunyamaza mbele ya kituo chake, ingawa kila kidhibiti kitaendelea na mantiki yake ya ndani. Aidha mkandarasi akibaki na mamlaka ya kutoa vyeti, amepata kufuli jipya lililo imara kuliko lile la zana, na safari hii kwa jina la usalama. Ninaipendekeza BACnet/SC kwa mradi mpya bila kusita, mradi mamlaka ya vyeti yawe mikononi mwa mwenye jengo tangu siku ya kwanza. Kwa jengo la zamani, inawezekana kuweka ruta kati ya sehemu ya IP na sehemu ya SC na kuhamia polepole, huku sehemu ya zamani ikitengwa kwenye mtandao wake.

Washindani wake nitawapitia haraka. KNX, iliyotokana na kuungana kwa mifumo mitatu ya Ulaya mwaka 1999 na kukubaliwa kimataifa kama ISO/IEC 14543-3, inaishinda BACnet katika jambo moja kubwa: zana moja, ETS, hupanga vifaa vya watengenezaji wote. Kwa taa, mapazia na vyumba naichagua KNX, lakini mstari wake wa waya hubeba biti 9,600 tu kwa sekunde na haikuundwa kwa ajili ya mitambo mikubwa. LonWorks ya kampuni ya Echelon, ambayo ni ISO/IEC 14908, iliwahi kuwa mshindani wa kweli, na vidhibiti vyake bado vinafanya kazi katika majengo mengi, ila sioni sababu ya kuianzishia mradi mpya. Modbus ya mwaka 1979 haitakufa kwa sababu ni rahisi na kila mita na kiendeshi cha mota inaijua, lakini inabeba rejista (nafasi za kuhifadhi namba) za biti 16 zisizo na jina wala kizio, na kila muunganisho wake ni jedwali ambalo mtu analijaza kwa mkono. DALI, yaani IEC 62386, yenye anwani 64 kwa mstari, iachwe kwenye taa ambako inafaa kabisa. Jengo zuri huwa na kadhaa kati ya hizi, zikikutana kwenye BACnet kupitia vifaa vya kutafsiri. Na kila kifaa cha kutafsiri ni mahali ambapo kengele, vipaumbele na bendera za hali vinaweza kupotea, kwa hiyo vichache ni bora.

Kwa nani basi naipendekeza? Hospitali, vyuo, viwanja vya ndege, majengo ya ofisi yenye mitambo ya watengenezaji mbalimbali na mtu wa kudumu wa kuiendesha: hawa hawana chaguo bora zaidi, na kadiri wanavyopanua majengo yao ndivyo thamani inavyoongezeka, kwa sababu zabuni ya awamu ya pili inaweza kweli kuwa ya ushindani. Jengo dogo lenye viyoyozi vichache na taa halihitaji uzito huu. Na yule anayeinunua kwa sababu imetajwa katika hati iliyonakiliwa kutoka mradi mwingine, bila mtu wa upande wake wa kuisoma PICS, atalipia uwazi ambao hatautumia.

Kwa anayeamua kuinunua, zabuni itaje madaraja ya vifaa na vifungu vya BIBB vinavyotakiwa, nembo ya BTL kwa kila kifaa, mpango wa namba, jedwali la ngazi, mtindo wa majina na mamlaka ya vyeti. Itaje pia kwamba leseni za zana zitaandikishwa kwa jina la mwenye jengo. Kiwango kina utaratibu wake wa kuhifadhi nakala ya kidhibiti kupitia mtandao na kuirejesha. Uombwe kwa jina, kisha siku ya makabidhiano kidhibiti kimoja kichaguliwe na mwenye jengo, si na mkandarasi, kifutwe mbele ya wote na kirejeshwe kutoka kwenye nakala hiyo na fundi wa jengo mwenyewe, kwa kompyuta ya jengo. Malipo ya mwisho yasubiri kidhibiti hicho kiwake na kushika tena mtambo wake.